Umenunua Lapi Mpya? Soma Hii Kabla Hujachezwa kwa Ruta

Umejinyima miezi kadhaa, ukala githeri bila kulalamika, na hatimaye umenunua laptopu yako. Picha ulishaweka status, mathe ameshakuombea. Sasa unataka waifai kwa keja ili upige kazi za mtandaoni, umalize kazi za chuo, na usiku utazame series kama watu wengine.

Hongera sana. Lakini tulia kidogo, kwa sababu hapa ndipo wasee wengi huchomwa doh.

Wacha nikupe yangu kwanza. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na interview ya kazi kwa video. Intaneti nilikuwa nimelipia, lapi iko juu ya meza, shati nimepiga pasi (huko chini nilikuwa na kaptura, lakini hiyo ni siri yetu). Dakika ya tano nikagandia kwa skrini mdomo ukiwa wazi kama tilapia wa sokoni. Nikarudi, nikaganda tena. Hiyo kazi ilienda hivyo.

Nilikasirikia watu wa intaneti wiki mbili nzima. Nikaenda tao nikanunua ruta ya antena nne iliyonimaliza mfuko. Bado mambo yakabaki vile vile. Kumbe laini ilikuwa fiti na hata ruta ya kwanza haikuwa mbaya. Shida ilikuwa lapi yangu ya mtumba. Kadi yake ya waifai ilikuwa ya kizazi cha zamani, inaongea kwa bendi moja tu, na hiyo bendi ndiyo ploti yote ilikuwa inapigania. Kilichonitoa shimoni ni waya ya mita chache kutoka kwa ruta hadi kwa lapi. Bei yake haikufika hata robo ya ile ruta.

Ndiyo maana nakuambia: ruta usiinunue peke yake. Intaneti hupitia vitu vitatu ndio ikufikie, yaani laini inayoingia kwa keja, ruta, halafu lapi. Kasi utakayopata ni ya kile kilicho dhaifu zaidi kati ya hivyo vitatu. Ni kama matatu za Thika Road: barabara ikiwa na leni tele halafu mfike mahali leni ni moja, wote mnatambaa, hata yule wa V8.

Tufuate mpangilio huo.

1. ANZA NA LAINI, SI RUTA

Kabla ya kuuliza "ruta gani ni noma", jiulize intaneti itaingia kwako kivipi. Jibu la hilo swali ndilo linachagua aina ya ruta.

Kama ni faiba ya waya, mfano Safaricom Home Fibre, Zuku au Faiba ya JTL, fundi atakuja na kisanduku kinachopokea ule waya mwembamba wa kioo. Mara nyingi hicho kisanduku tayari kina waifai ndani, na mara nyingi kinabaki kuwa mali ya kampuni. Maana yake ni kwamba huenda huhitaji kununua ruta kabisa. Kaa nacho wiki mbili kwanza. Kikikufikishia kasi unayolipia mpaka kitandani, doh yako ipeleke kwa kiti kizuri cha kufanyia kazi. Mgongo utakushukuru.

Kama ni laini ya simu, unahitaji ruta yenye tundu la SIM. Hiyo ni kifaa tofauti na ruta ya faiba, na kosa hapa huuma sana. Wengi hununua ruta ya kawaida ya waya, wanafika nyumbani, wanaigeuza juu chini wakitafuta mahali pa kuweka laini. Hakuna. Ikiwa unategemea SIM, hakikisha sanduku limeandikwa 4G LTE au 5G.

Halafu kuna jambo la masafa. Mtandao wa 4G wa Faiba, uliozinduliwa Desemba 2017, hutumia masafa ya 700MHz, ile bendi inayoitwa namba 28. Kuna ruta na simu kibao ambazo hiyo bendi haziijui. Utaweka laini, utanunua bando, na itakuwa kama umeweka kipande cha karatasi. Kabla ya kulipa, uliza muuzaji bendi zilizo kwa sanduku, au beba laini yako uijaribu hapo hapo dukani.

Kama mnafungiwa kidishi kidogo kwa paa halafu waya unashushwa hadi kwa nyumba, ruta ya kawaida yenye tundu la WAN inatosha. Nao Starlink, walioingia Kenya Julai 2023, hukuuzia kifurushi ambacho kinakuja na ruta yake.

Na kama unaishi peke yako, kazi yako ni baruapepe na kusoma, hotspot ya simu inaweza kukusukuma miezi kadhaa bila aibu. Usinunue ruta kwa sababu jirani anayo.

2. UNAHITAJI KASI NGAPI?

Hapa watu hudanganyana sana. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 zinatosha kuona filamu kwa HD kamili, na Mbps 15 kwa 4K. Simu ya video ya kazini hula karibu Mbps 3 au 4 ikiwa picha ni safi kabisa. Kwa hivyo msee mmoja na lapi moja, laini ya Mbps 10 inambeba vizuri. Familia ya watu watano, kila mtu na simu, TV moja inapiga katuni mchana kutwa, hapo fikiria 20 kwenda juu.

Jua pia kwamba Mbps si MB. Kampuni ya intaneti hupima kwa biti, lakini lapi ikipakua faili hupima kwa baiti, na baiti moja ina biti nane. Kwa hivyo laini ya Mbps 10 ikishusha faili, utaona kama MB 1.2 kwa sekunde. Hujaibiwa. Gawanya kwa nane kabla hujapigia watu simu kuwatukana.

Hizo namba ni za muhimu kwa sababu ruta haiongezi kasi ya laini. Ukilipia Mbps 10 halafu ununue ruta ya bei ya pikipiki, bado utapata 10. Kazi ya ruta ni kuhakikisha hizo 10 hazipotei njiani.

3. IPIME LAPI YAKO

Hii ndiyo hatua mimi niliruka, na ilinigharimu kazi.

Waifai ina vizazi. Tangu 2018 vimepewa namba rahisi, lakini kwa lapi bado utakutana na majina ya zamani:

802.11n ni Wi-Fi 4. Ni ya 2009, ya kikuku sasa, lakini bado inatembea.
802.11ac ni Wi-Fi 5. Hii ndiyo utakuta kwa lapi nyingi za mtumba zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 2010.
802.11ax ni Wi-Fi 6. Iko kwa lapi nyingi mpya za miaka ya hivi karibuni.
802.11be ni Wi-Fi 7. Bei yake bado ni ya wenyewe.

Kama lapi yako ni ya Windows, fanya hivi. Bonyeza Start, andika cmd, ufungue kile kidirisha cheusi, halafu andika netsh wlan show drivers na ubonyeze Enter. Tafuta mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11ac au 802.11ax, uko sawa. Ukiona n, g na b pekee, kadi yako iko kwa bendi ya 2.4GHz tu. Ukiona na 802.11a hapo kati, ujue inafika 5GHz pia.

Afadhali ufanye hii kitu kabla ya kulipia lapi yenyewe, hapo hapo mbele ya muuzaji. Lapi mbili za mtumba zinaweza kufanana sura na bei, moja iko na kadi ya Wi-Fi 5 na nyingine ilibaki nyuma. Na usidhani mpya kabisa ni salama. Lapi mpya za bei ya chini wakati mwingine huwekewa kadi ya antena moja, ambayo kasi yake ni nusu ya ile ya antena mbili.

Ruta mpya inaelewana na lapi ya zamani, hilo lisikutishe. Lakini zitaongea kwa lugha ya yule mzee. Ruta ya Wi-Fi 6 na lapi ya Wi-Fi 4 zikikutana, mazungumzo ni ya Wi-Fi 4.

Kama umegundua lapi yako ndiyo mzee, usilie. Kuna kidude cha USB cha waifai cha bendi mbili, unachomeka na maisha yanaendelea. Au tumia waya kama mimi.

4. BENDI MBILI, NA KELELE ZA PLOTI

Sasa tuingie mahali penye uhondo. Waifai husafiri kwa bendi mbili kuu, 2.4GHz na 5GHz.

2.4GHz inafika mbali na inapenya ukuta vizuri. Shida yake ni kwamba ni kama soko la Gikomba. Bluetooth iko hapo. Microwave ikipasha chakula inapiga kelele hapo. Na majirani wako wote wako hapo. Isitoshe, hiyo bendi ina chaneli tatu tu zisizokanyagana, yaani 1, 6 na 11. Sasa hebu fikiria ploti ya orofa saba pale Pipeline au Roysambu, keja nane kwa kila floo, na kila keja ina ruta. Wote wanasukumana kwa leni tatu.

5GHz ina chaneli nyingi zaidi na kasi ya juu, lakini inachoka haraka. Kuta mbili za mawe ya Ndarugo na slabu ya simiti zinaipunguza nguvu kabisa. Kwa watu wa ploti, huo udhaifu ni baraka, kwa sababu 5GHz ya jirani nayo haikufikii kukusumbua.

Kwa hivyo kama unaishi kwa ploti, ruta ya bendi mbili si anasa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote utakayoisikia mwilini. Usinunue ruta ya 2.4GHz pekee ikiwa lapi yako inafika 5GHz.

Na tafadhali, tuelewane hapa. Ukiona jina la waifai limeishia na "5G", hiyo ni 5GHz ya ruta. Si ile 5G ya simu ambayo Safaricom walizindua Oktoba 2022. Kuna wauzaji huchanganya hizo mbili makusudi. "Hii ni 5G, buda, ni moto!" Muulize swali moja: laini ya SIM inaingia wapi? Akianza kujikuna kichwa, ondoka.

5. JINSI YA KUSOMA SANDUKU BILA KUDANGANYWA

Sanduku la ruta limejaa namba kubwa. Hizi ndizo za kuangalia:

Herufi na namba, kama N300, AC1200 au AX1500. Herufi ni kizazi: N ni Wi-Fi 4, AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6. Namba ni jumla ya bendi zote kwa hesabu ya karatasi. AC1200 ni 300 za 2.4GHz ukijumlisha 867 za 5GHz, halafu wakazungusha. Lapi yako inatumia bendi moja kwa wakati, kwa hivyo hiyo 1200 hutaiona hata siku moja. Na hata hiyo 300, ndani ya ploti iliyojaa kelele, utapata sehemu ndogo tu.

Matundu ya waya. Hapa ndipo watengenezaji huficha mambo. Ruta mbili zote zinaweza kuitwa AC1200, lakini moja ina matundu ya Mbps 100 na nyingine ya Mbps 1000, yaani gigabiti. Mfano wa wazi ni TP-Link: Archer C50 ni AC1200 yenye matundu ya 100, na Archer C6 ni AC1200 yenye gigabiti. Kama laini yako ni ya Mbps 20, C50 inakutosha na uhifadhi chenji. Kama unalipia zaidi ya 100, au unapanga kupanda huko, tundu la 100 litakukaba koo kila siku.

Antena. Idadi ya antena kwa nje si kipimo cha chochote. Ruta ya Tenda F3 ina antena tatu na bado ni N300 ya bendi moja. Antena zinavutia macho kama rimu za nganya, lakini gari inasukumwa na injini.

Usalama. Tafuta WPA2 kwa uchache, na WPA3 ikiwezekana. Ruta inayoringa na WEP pekee ni ya makumbusho.

Na kuna kanuni moja ya mtaa: ukiona "Wi-Fi 6 ya antena nane" inauzwa bei ya sahani mbili za nyama choma, hiyo ni stika tu.

6. KEJA YAKO IKO AJE?

Bedsitter au chumba kimoja: ruta moja ya AC1200 imetosha na kubaki. Hata usisikize mtu mwingine.

Bedruumu moja au mbili: bado ruta moja inaweza, mradi uiweke pazuri. Fundi wa faiba hupenda kufunga kisanduku karibu na dirisha au nyuma ya TV kwa sababu waya unaishia hapo. Mwombe kwa heshima asogeze mpaka katikati ya nyumba kabla hajapiga misumari. Iweke juu, kwa rafu, si chini ya kochi. Iepushe na friji, microwave, kioo kikubwa na tangi la maji. Mlango wa chuma na grili za dirisha nazo hurudisha mawimbi nyuma.

Nyumba ya ghorofa au kuta nyingi: hapa ruta moja, hata iwe ya bei gani, itashindwa na slabu. Una njia tatu. Ya kwanza, na bora kuliko zote, ni kuvuta waya hadi juu na kuweka ruta ya pili huko ikiwa kwa hali ya "Access Point". Ya pili ni mfumo wa mesh, visanduku viwili au vitatu vinavyoshirikiana kwa jina moja. Ya tatu ni kirefusha mawimbi cha kuchomeka ukutani. Hicho ni rahisi, lakini vingi hukata kasi karibu nusu, kwa sababu kifaa kile kile kinasikiliza na kuongea kwa bendi moja.

Zingatia hilo neno "Access Point". Ukichomeka ruta yako mpya kwa kisanduku cha kampuni bila kubadilisha setingi, utakuwa na ruta mbili zinazogombania usukani. Intaneti itapita, lakini printa haitaonekana na michezo ya mtandaoni itasumbua. Badilisha hiyo setingi moja na vita vitaisha.

7. STIMA IKIENDA

Hii ni Kenya, tusijidanganye. Lapi ina betri, ruta haina. Stima ikipotea katikati ya mkutano, lapi itaendelea kuwaka vizuri sana huku wewe ukitazama alama ya "hakuna mtandao".

Dawa yake ni kale kabetri kadogo ka ruta, wanakaita mini UPS. Lakini angalia adapta ya ruta kwanza: imeandikwa 5V, 9V au 12V, na ampea zake pembeni. UPS lazima itoe volti zile zile, na ampea zisizopungua hapo. Ukichomeka 12V kwa ruta ya 9V, unaweza kuiua kabisa. Na kama uko kwa faiba, kumbuka kisanduku cha kampuni nacho kinahitaji umeme. Ukiwasha ruta pekee umewasha taa ya gari lisilo na injini.

8. UKIENDA LUTHULI

Luthuli Avenue ina kila kitu, pamoja na kuchezwa. Fanya hivi.

Tembea maduka matatu kabla ya kutoa hata soo. Taja modeli kamili, si "nipee ruta poa". Ukisema ruta poa, utapewa ile imekaa sana dukani.

Waambie wafungue sanduku na waichomeke kwa stima. Linganisha namba iliyo chini ya ruta na ile ya sanduku. Zikitofautiana, rudisha. Angalia pia toleo la kifaa, kwa maana modeli moja inaweza kuwa na V1 hadi V6, na ndani ni vitu tofauti.

Jihadhari na ruta za mitumba zenye nembo za kampuni za simu au intaneti. Za SIM nyingi zimefungwa kwa mtandao mmoja. Visanduku vya faiba vya kampuni moja haviwezi kuhamia kwa nyingine hivi hivi, kwa sababu lazima visajiliwe kwa mfumo wao. Na kama kile kifaa kilikuwa mali ya kampuni, wewe ndiye utaulizwa ulikitoa wapi.

Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa hapa vinatakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Muuzaji wa maana hatashtuka ukiuliza. Na risiti, tafadhali, iwe na jina la modeli na muda wa warantii. "Nirudie tu kama kuna shida, mimi niko hapa kila siku" si warantii.

9. UMEFIKA NAYO HOME? USIKIMBILIE NETFLIX

Dakika kumi za kwanza ndizo zinaamua kama waifai ni yako au ya ploti.

Fungua kivinjari, andika anwani iliyo chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia, kisha:

Badilisha paswadi ya kuingilia setingi. Ile ya "admin" inajulikana na kila mtoto wa mtaa.
Weka paswadi ya waifai yenye urefu, angalau herufi 12. Sentensi ya kuchekesha ni bora kuliko namba yako ya simu.
Chagua WPA2 au WPA3.
Zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila paswadi. Ni mlango wa nyuma.
Sasisha programu ya ruta.
Washa mtandao wa wageni. Binamu akija na simu yake yenye apu za ajabu ajabu, mpe huo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ule ukarimu wetu wa ploti una bei. Ukimpa jirani paswadi leo, kesho mpenzi wake anayo, na wiki ijayo boda wa stegi anapakua filamu akiwa nje ya geti lako. Hiyo ni bando yako. Mbaya zaidi, mtu akifanya uhalifu kupitia laini yako, anwani itakayoonekana ni yako. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao tangu 2018, na wapelelezi wakifuata anwani, mlango wa kwanza kubishwa ni wako. Utaeleza ya "nilimpa tu jirani" ukiwa kituoni.

Kama mnataka kuchanga gharama na jirani, kwanza soma masharti ya kampuni, halafu mpe mtandao wa wageni na uweke kikomo cha kasi ikiwa ruta inaruhusu.

10. PIMA KABLA YA KULALAMIKA

Chomeka lapi kwa ruta kwa waya, fungua Fast.com, andika namba. Kisha toa waya, kaa hatua mbili kutoka kwa ruta, pima tena kwa waifai. Mwisho nenda kitandani upime.

Kwa waya ikiwa chini ya unacholipia, shida ni laini. Sasa pigia kampuni, na una ushahidi. Kwa waya iko sawa lakini hatua mbili imeanguka, shida ni bendi, ruta au kadi ya lapi. Hatua mbili iko sawa lakini kitandani imekufa, shida ni kuta na mahali umeweka ruta.

Kama mimi ningejua hivi vipimo vitatu siku ile ya interview, labda saa hii ningekuwa nakuandikia kutoka ofisi yenye AC.

KWA UFUPI, UNUNUE GANI?

Una faiba ya chini ya Mbps 100 na unakaa bedsitter: tumia cha kampuni kwanza. Kikikuangusha, nunua AC1200 ya bendi mbili.

Una laini ya zaidi ya Mbps 100, au watu wengi kwa nyumba: tafuta AC1200 yenye gigabiti au panda hadi Wi-Fi 6, hasa kama lapi yako ni ya kizazi hicho.

Unategemea SIM: ruta ya 4G isiyofungwa, bendi zake zikilingana na mtandao wako. Ijaribu dukani.

Lapi yako ni ya 2.4GHz pekee: usiguse ruta. Nunua waya au kile kidude cha USB.

Nyumba ya ghorofa: bajeti ya ruta igawanye, nusu iende kwa waya na ruta ya pili.

Muuzaji atakuambia anza na ruta, kwa sababu ndiyo anauza. Wewe anza na laini, upime lapi, uangalie kuta, halafu ndio utoe doh. Na siku ya interview, chomeka waya. Hata kama umevaa kaptura.